Chura na Vimea vya Umande Mlangoni

Paukwa!

Pakawa!

Aa, nimesikia watoto tu. Na nyinyi watu wazima mliojibanza huko nyuma, mwitikie. Hii si ya watoto peke yao. Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika majungu kama tunavyopika sisi leo, alikuwepo Chura. Alikaa bondeni, ndani ya chungu kilichopasuka, karibu na zizi la ng'ombe. Na zizini kuna nini? Nzi! Vuu, vuu, vuu, kutwa nzima. Chura alikaa mlangoni akatoa ulimi, nya! Nzi ndani. Akatoa tena, nya! Mwingine huyo. Alikula yeye na binti yake Kidawa, ambaye mkia ndiyo kwanza umemdondoka. Wakishiba, waliimba kroo, kroo, mpaka majirani wakaziba masikio.

Sasa shikeni hili, msije mkaniuliza baadaye. Jicho la chura halimwoni mdudu aliyetulia. Nzi akitikisika, Chura anamwona. Nzi akitulia tuli, kwa Chura hayupo, hata awe amekaa puani. Mmeshika? Haya.

Siku moja alitua Mbayuwayu, katoka safari ya mbali.

"Shoga, nimekuletea zawadi," alisema, akakunjua kucha zake. Palikuwa na kimea kidogo kuliko ukucha wa mtoto. Kilikuwa chekundu. Majani yake yalikuwa na vinywele, na kila kinywele kilibeba tone la umande linalometameta.

"Ala! Kizuri hiki jamani! Nikitunzeje?"

"Ukipande kwenye mchanga mtupu, kione jua. Mbolea usikitie, utakiua. Maji ya kijito usikipe, kipe ya mvua."

"Na chakula?"

"Wala usihangaike. Kinajitafutia chenyewe."

"Mgeni wa namna hiyo ndiye ninayemtaka!" Chura alicheka. Mbayuwayu akaruka, akaenda zake.

Wewe mtoto, usijibu! Wewe umeshajua, Chura hajajua.

Chura alichukua kigae kipana cha chungu chake, akakijaza mchanga, akakipanda kile kimea, akakiweka mlangoni kabisa. Akatega kifuu akinge maji ya mvua. Kila asubuhi alikiamkia kabla hajamwamkia mwanawe. "Umeamkaje, kipenzi changu?" Majira ya baridi yalipoingia, kimea kikatoa katikati yake vichipukizi vidogo kama punje za ufuta. Mvua ikapiga, ndo! Vikaruka, pu! pu! pu! Kila kimoja kikaota kilipoangukia.

"Nimepata wajukuu!" Chura alipiga vigelegele. Akavipanga kwa ncha ya kidole, mpaka kigae chote kikawa zulia jekundu linalometa.

Basi, nzi wakaanza kupotea.

Chura alikaa mlangoni, ulimi tayari. Akasikia vuu, vuu, halafu kimya. Akatazama kulia, hamna. Akatazama kushoto, hamna. Kesho yake tena, vuu, vuu, kimya. Kulia hamna, kushoto hamna.

"Mama, njaa," alisema Kidawa.

"Vumilia, mwanangu."

Kidawa alikonda, mbavu zikaonekana. Kroo yake ikawa kijisauti tu. Asubuhi moja alijaribu kuruka akaanguka kifudifudi, asiinuke. Chura alimtazama mwanawe pale chini. Siku si nyingi atamzika. Nani anawala nzi wake? Nani, kama si Kinyonga, yule wa kwenye mpera unaoutazama mlango, mwenye ulimi mrefu kuliko kiwiliwili?

Akatoka njiani akapiga ukelele. "Majirani! Mwanangu anakufa, na mwizi wa chakula chake namjua!"

Majirani wakaja, Kaa wa kijitoni akiwa mbele. Kaa na ugomvi hawaachani.

Kinyonga aliteremka tawi moja. Jicho moja lilimtazama Chura, la pili likazunguka likatazama mlangoni kwa Chura, likabaki huko huko. Akafungua mdomo. Mnamjua Kinyonga, akisema neno moja anapumzika.

"Bi... Chura... hao... nzi..."

"Nyamaza!" Chura alifoka. "Usinitajie nzi wangu!"

"Bi... Chura..."

"Ulimi wote huo wa kazi gani, kama si wizi?" alidakia Kaa. "Ahame!"

"Ahame! Ahame leo hii!" wakaitikia wote.

Kinyonga akafumba mdomo. Rangi ya kijani ikamtoka, akawa mweusi kwa huzuni. Akashuka mperani, akashika njia. Mguu mmoja, anayumba. Mguu wa pili, anayumba.

Alasiri, Chura alikaa mlangoni na Kidawa ubavuni. "Leo tutakula, mwanangu. Mwizi ameondoka."

Vuu! Nzi mnene akampita puani, akatua kwenye zulia. Akanata! Huyu hakutulia upesi, akapapatika, na kwa kuwa alipapatika, Chura alimwona. Ulimi, nya!

Mama yangu!

Nzi kanata, na ulimi nao umenata. Chura akavuta, haubanduki. Akavuta tena, matone yakarefuka kama uji wa bamia, hayakatiki. Halafu akaona vile vinywele vinajikunja. Taratibu, vinaukumbatia ulimi wake. Vipenzi vyake! Wajukuu zake! Vinamla!

"Mmm! Mmmm!"

"Jamani, mama yangu!" Kidawa alilia kwa nguvu zote zilizombakia.

Nani alisikia? Kinyonga. Mnashangaa nini? Alihama, ndiyo. Tangu asubuhi alikuwa anahama, na hata kichaka cha kwanza hajakifikia. Akageuka. Mguu mmoja, anayumba. Mguu wa pili, anayumba. Jua lilipokuwa jekundu, akafika.

"Kidawa... maji... ya... kifuu."

Kidawa alijikokota akakisukuma kifuu kwa kichwa, ndo ndo ndo, maji ya mvua yakamwagika kwenye kigae. Yale matone yenye kunata yakalainika. Ulimi ukachomoka, pwa! Chura akaanguka chali.

Kinyonga akasogea. Akaweka mkono kwenye ukingo wa kigae, akayumba kama kawaida yake. Kigae nacho kikayumba. Na vyote vilivyokuwemo vikatikisika.

Chura akaona.

Nzi! Nzi wakubwa, nzi wadogo, mbu, visubi, kila jani na maiti yake. Wengine wamekauka, wengine wamebaki mbawa tu. Mia na mia! Kigae kikatulia, wote wakapotea. Kinyonga akakiyumbisha tena, wote wakarudi.

"Lahaula!" Chura alimaka. "Hapa? Hapa hapa puani pangu? Nimemnyima mwanangu nikavilisha vimea hivi? Kwa mkono wangu mimi?"

Kinyonga akatoa ulimi, ule ule uliosingiziwa wizi. Akadaka nzi aliyekuwa akipita, akamwekea Kidawa mdomoni. Kidawa akameza, akafumbua macho.

Chura akalia kwikwi. "Kinyonga, jirani yangu, ulikuwa unajua? Mbona hukuniambia?"

Kinyonga akamgeuzia jicho moja.

"Nilikuwa... bado... nasema."

Chura aliinamisha kichwa. Kaa, aliyekuja kuchungulia, akaondoka upande upande bila kuaga. Kigae kikahamishiwa ukutani kwa zizi, nzi wanakojaa mpaka ng'ombe wanapiga mikia. Kinyonga akarudi kwenye mpera wake, na alipofika ilikuwa kesho yake mchana.

Basi, wenzangu, mafunzo ni haya: mwache mtu amalize kusema kabla hujamhukumu. Na unachokilea kwa mapenzi mlangoni pako, jua kwanza kinakula nini.

Hadithi yangu imefika mlangoni kwa Chura, na imeishia hapo hapo. Mwenye la kuuliza aulize, na wengine mwacheni amalize.