Mama Aliyemkatia Simu Mfamasia

Leo, ndugu zangu, mkulima wa kwenye mifano ya Injili nimempumzisha, na mchungaji wa kondoo naye aende akale. Hao mnawafahamu vya kutosha. Mimi nina mama mmoja mjane, fundi cherehani, mwenye presha ya kupanda na simu kubwa ya kugusa aliyonunuliwa na binti yake. Naona kule nyuma wengine wameshaanza kutazamana. Kaeni kwa amani, simtaji mtu.

Mama huyu aliishi katika mji mmoja wa bara, mji wa reli, na nusu ya watoto wa mji ule walisomea sare alizozishona yeye. Dawa yake ya presha alikuwa akiinunua katika duka moja tu, nyuma ya soko. Aliinunua hapo miaka na miaka, hadi miguu ikawa inajipeleka yenyewe.

Mngeliona duka lile. Milango ya mbao, rangi ya bluu iliyopauka. Benchi refu ukutani. Pembeni mizani ya kupimia watoto wachanga inaning'inia, na harufu ya spiriti na sabuni ya mche inakupokea kabla hujapiga hodi. Mwenye duka alikuwa mfamasia, mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa uzi. Watu wote walimwita Daktari. Yeye aliwasahihisha kila siku, na kila siku hakuna aliyemsikiliza. Vidonge alivitia katika bahasha ndogo ya kaki, na kwa wasiojua kusoma alichora jua au mwezi, wajue vipi ni vya asubuhi na vipi ni vya usiku. Mchana redio ilipoanza matangazo ya vifo, benchi zima lilinyamaza, kila mmoja akitega sikio asije akasikia jina la mtu wake. Na jina likitajwa, waliokaa pale walilia na mwenzao kwanza, kisha foleni ikaendelea.

Nani hapa hana duka lake kama lile moyoni? Mimi ninalo. Hata sasa ninapowasimulia naisikia ile spiriti puani, na napata huzuni ambayo sijui niipeleke wapi.

Basi, yule mzee akafariki. Watoto wake wakaiuza ile fremu, na aliyeinunua akaweka makava ya simu na muziki wa kelele. Siku mama alipopita na kukuta milango imepakwa rangi nyingine, alisimama katikati ya njia mpaka mtu wa baiskeli akamwomba ampishe. Alirudi nyumbani bila kununua alichokwenda kununua. Aliumia kweli, na msimcheke.

Binti yake alikuwa akifanya kazi mbali, jiji kubwa. Akapiga simu.

"Mama, siku hizi dawa za kila mwezi zinaagizwa mtandaoni. Unatuma picha ya cheti cha daktari, wanakuletea mpaka mlangoni. Nimekutafutia huduma mbili. Zijaribu, halafu uchague mwenyewe."

"Mwanangu, dawa ninunue kwa mtu nisiyemwona uso?"

"Wana wafamasia, mama. Utaongea nao."

Mama akavaa miwani, akaipiga picha karatasi yake iliyochakaa kwenye mikunjo, akaituma kwa ile huduma ya kwanza. Hajaivua miwani, simu ikaita. Sauti ya binti mdogo, yenye adabu zake.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mfamasia. Picha yako nimeiona. Kabla sijakutumia dawa, nina maswali kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Uliza."

"Presha umepima lini mara ya mwisho?"

"Juzi juzi tu hapa," alisema mama. Na hiyo juzi juzi, ndugu zangu, ilikuwa enzi za uhai wa Daktari.

"Kuna dawa nyingine yoyote unayotumia?"

"Hakuna."

Hapa niwasimamishe kidogo. Mama hakudanganya. Kwenye mtoto wa meza ya cherehani, chini ya vifungo na chaki, kulikuwa na vidonge vya maumivu. Alikuwa akivinunua duka la jirani pamoja na sukari na uzi, na akivimeza kila siku tangu goti lilipoanza kumsumbua kwa kukanyaga cherehani. Lakini kwake hivyo havikuwa dawa. Dawa ni ile iliyoandikwa na daktari. Hivyo vingine ni vya goti tu. Mnacheka? Nikisema anayetumia dawa anyooshe mkono, mtanyoosha wachache. Nikisema tufungue mikoba, je?

Yule mfamasia akaendelea. "Mama, cheti hiki ni cha zamani mno. Kwa hiki peke yake siwezi kukutumia dawa. Nenda kituo cha afya wakupime, wakuandikie upya, kisha nipigie mimi mwenyewe, nitakuhudumia siku hiyo hiyo."

"Mwanangu, dawa za presha nazimeza tangu wewe hujazaliwa."

"Ndiyo maana nauliza, mama yangu. Na miguu, haivimbi?"

Swali la miguu ndilo lililoharibu mambo. Mama aliona sasa anavuliwa nguo. Mtoto wa watu, hata jina lake halijui, anaulizia miguu ya mtu mzima kwenye simu! Akamkatia. Akakaa pale akimkumbuka mzee wa duka la bluu, upole wake, bahasha zake, na machozi yakamlengalenga.

Akaenda kwenye ile huduma ya pili. Huko hakuna aliyepiga. Kulikuwa na kitufe cha kijani tu. Alibonyeza, na siku iliyofuata mwendesha pikipiki akasimama mlangoni, akamwamkia, akampa kifurushi kwa mikono miwili. Kisha ikaingia meseji: "Mama yetu mpendwa, dawa yako imefika. Tunakuombea afya njema." Mama aliisoma, akairudia, akaipeleka hata kwa mwenzake wa kwaya ya akina mama.

"Nimelipata tena duka langu," alimwambia.

Ikawa hivyo. Mwezi ukiisha, kitufe. Kitufe kikibonyezwa, pikipiki. Siku yake ya kuzaliwa walimtumia maua ya kwenye simu, jambo ambalo, tuseme ukweli, hata sisi wa kanisani hatukulikumbuka. Lakini viatu vyake vya Jumapili vilianza kumbana. Akalaumu viatu, akavigawa, akawa anavaa kandambili za wazi. Pete ya marehemu mumewe ikagoma kutoka kidoleni, akasema ni joto. Akienda bombani kuchota maji ilibidi akae njiani kwanza apumue. Mwezi ukaisha, akabonyeza.

Likizo, binti akaja. Hata mizigo hakuitua. Alitazama miguu ya mama yake mlangoni pale pale.

"Mama, hii miguu tangu lini?"

"Ni joto, mwanangu. Ingia kwanza ule."

Hawakula. Walikwenda hospitali. Daktari akapima presha, akapima tena kwenye mkono wa pili, akauliza kuna dawa nyingine anayotumia. Mama akasema hakuna, isipokuwa hivi vya goti. Akavitoa mkobani. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mama, hivi ukivimeza kila siku vinapandisha presha, tena vinaumiza figo. Dawa yako ilikuwa inavuta huku, hivi vinavuta kule, na kamba yenyewe ni figo zako. Tunakulaza. Bado tuna nafasi ya kuziokoa, ila sina uhakika ni kwa kiasi gani. Kwani aliyekuwa anakupa dawa hakuwahi kukuuliza?"

Mama aliuinamia mkoba wake, akaufunga. Lakini alipolazwa, akiwa amegeukia ukuta, ndipo alipolia kilio chote alichokuwa amekiweka tangu lile duka lifungwe.

"Angekuwepo yule mzee," alisema, "haya yasingenipata. Yule alikuwa anatuona. Alitupenda, mwanangu. Watu wa namna ile wamekwisha."

Binti alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Njiani kuja hospitali mama alikuwa ameshamsimulia habari za yule msichana wa maswali. Alingoja mama yake apenge kamasi.

"Mama, unakumbuka siku aliyokunyima dawa?"

"Nani aninyime?"

"Yeye. Nilikuwa mwanafunzi, nimesimama hapo pembeni yako. Alikwambia uvue kiatu mbele ya benchi zima. Akaubonyeza mguu kwa kidole, akairudisha bahasha kwenye droo, akasema hakupi hata kidonge kimoja mpaka urudi hospitali. Ulikwenda ukiwa umefura kwa hasira. Wakakubadilishia dawa, uvimbe ukaisha. Lakini yeye ulimwita mwenye dharau, na masika yote hukukanyaga pale dukani, ukawa unanituma mimi."

Mama akafumba macho. Alikuwa ameisahau. Kweli kabisa, alikuwa ameisahau siku ile.

"Mama," binti akasema taratibu, "yule mzee alikupigia simu mwaka huu. Alikuja na sauti ya msichana. Ukamkatia."

Ndugu zangu, mlikuwa mnangoja nilaumu mtandao, eti? Wazee mlishajiandaa kutikisa vichwa, na vijana mlishaanza kuninunia. Poleni. Yule binti aliyeuliza maswali alikuwa huko huko mtandaoni. Mama alikuwa na nafasi ya kuchagua, na tatizo lake halikuwa simu. Alipomkumbuka yule mzee alikumbuka bahasha, benchi, redio na harufu. Lile lililomfanya awe hai mpaka leo, yaani kuulizwa, kuvuliwa kiatu na kukataliwa, alilitupa, kwa sababu halikuwa tamu. Kisha akatafuta duka linalofanana na alichokumbuka. Akalipata, na likamfikisha wodini.

Aliishi, ndiyo. Msiondoke na hofu. Lakini hakurudi kuwa alivyokuwa, na cherehani hakuikanyaga tena.

Sasa tuje kwetu. Sisi tunalia kila siku kwamba watu wazuri wamekwisha. Tunamlilia bibi, tunamlilia mwalimu wa zamani, tunamlilia mchungaji aliyepita. Tunasema walitupenda. Walitupenda kweli! Lakini hebu kumbuka vizuri: bibi hakukuacha ulale bila kukuuliza ulikuwa wapi. Mwalimu alikurudisha nyumbani ukamlete mzazi. Ulimchukia. Sasa unamlilia, na mke wako akikuuliza swali lile lile la bibi, unatoka unabamiza mlango.

Na kwa Mungu je? Tunaomba kwa kubonyeza. Bwana, nijazie kama mwezi uliopita. Kazi ile ile, amani ile ile, na baraka kidogo juu yake, amina. Akikaa kimya kwanza akatuuliza, mwanangu, kuna kingine unachomeza? tunasema hakuna. Kwa sababu kile kinyongo ulichonacho kwa dada yako si dhambi, ni cha goti tu. Kile kinywaji cha jioni ni cha goti tu. Na Mungu akisema, hivi hivi siwezi kukutumia baraka mpaka uende ukapimwe, tunasema amebadilika, zamani hakuwa hivi, tunahamia kwenye kanisa la kitufe cha kijani.

Yupo mtu, wiki hii au mwezi huu, aliyekuuliza kuhusu miguu yako. Ulimwona hana adabu. Huenda ni mtoto wako mwenyewe. Unamjua, sina haja ya kukutajia.

Nami mnanifahamu. Kila Jumapili nasimama pale mlangoni, mnanipa mikono, mnaniambia mchungaji, leo mahubiri yalikuwa matamu. Nafurahi, siwafichi, mimi ni binadamu. Lakini leo naomba atakayeona yalikuwa matamu apite tu bila kusema kitu. Aliyeudhika ndiye aje anishike mkono, na huyo nitakaa naye mpaka tumalize kuongea.