Gari la Bluu Mgongoni mwa Jeupe

Wapendwa, naomba mfumbe macho kidogo. Msilale, mfumbe tu. Nataka twende mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kufika.

Ni tambarare pana nje ya mji, majani yamekauka, anga halina wingu hata moja. Katikati ya tambarare hiyo kumejengwa njia ya lami ya duara, pana kuliko barabara yoyote tunayoijua, na kwenye kona lami imeinuliwa upande mmoja kama ukingo wa bakuli. Magari arobaini yanazunguka humo. Hayaendi popote. Yanatoka hapa na kurudi hapa, mara mia moja na hamsini, na anayemaliza wa kwanza ndiye mshindi. Kwa mbali mngurumo wake ni kama wa nyuki ndani ya mzinga. Ukikaa jukwaani saa nzima, sauti ile inakuingia mpaka hujui tena kama unaisikia kwa masikio au kwa mifupa.

Jukwaani hapo alikaa mama mmoja, umri wake bado mdogo, na mtoto wa miezi saba amelala mapajani pake. Alikuwa mke wa dereva wa gari jeupe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuja uwanjani. Siku zote alibaki nyumbani, akiosha vyombo ambavyo vilikwisha oshwa, akisubiri mlango ufunguliwe. Mumewe hakuwa mtu wa kuleta habari za mbio mezani, na yeye hakuwa mtu wa kuuliza.

Lakini siku hiyo alishindwa kukaa nyumbani. Mwenye gari alikuwa amemwambia mumewe neno moja tu: "Ukimaliza katika watatu wa kwanza, mwaka ujao gari unaendesha wewe. Ukishindwa, nampa mwingine." Mume alimpa mkewe habari hiyo asubuhi akiwa anafunga viatu, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Mke aliona tu kwamba kamba ya kiatu ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, mara tatu.

Basi amekaa. Jua limepanda. Magari yanapita mbele yake, na kwa ule mwendo macho hayawezi kuyashika. Rangi zinavutika na kuchanganyika kama ukili wa mkeka unaosukwa haraka. Nyekundu, njano, kijani, nyekundu. Na katika ule mkeka unaokimbia kuna ukili mmoja mweupe, na kila ulipopita moyo wake ulikwenda nao, ukazunguka nao kona ya mbali kule ambako joto linafanya lami ionekane kama maji, ukarudi. Wakati mwingine alijiona kama yeye ndiye anayezunguka na magari ndiyo yamesimama. Alimshika mtoto vizuri zaidi.

Mzunguko wa mia na kumi, gari jeupe likatoka mbele ya wote.

Jukwaa lilisimama. Mama yule hakusimama, mtoto angeamka. Lakini machozi yalimtoka. Kisha alipangusa macho na kuona kitu kingine. Nyuma ya gari jeupe, karibu mno, karibu kama mtu anayetaka kukusomea barua begani, palikuwa na gari la bluu.

Gari hilo alilijua. Ni nani kati yetu asiyemjua yule wake aliyemuumiza?

Mwaka uliopita gari hilo la bluu lilimgonga mumewe nyuma kwenye kona. Gari jeupe lilizunguka kama pia likavaa ukuta. Mfupa wa bega ulivunjika. Miezi mitatu mama yule alimlisha mumewe kwa kijiko, na tumbo lake mwenyewe likiwa kubwa. Mume alisema, "Ni mambo ya mbio, mke wangu, hakukusudia." Yeye akanyamaza, ila moyoni hakunyamaza.

Na sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyopangwa. Kando yake jukwaani, bega kwa bega, alikaa mama mtu mzima aliyejitanda kitenge cha bluu. Ni mama mzazi wa dereva wa lile gari. Asubuhi walipokutana kwenye viti, mama kijana alimpa shikamoo akiwa anaangalia pembeni. Shikamoo ya namna hiyo mnaifahamu. Inatoka mdomoni lakini haimfikii mtu. Yule mama aliitikia marahaba kana kwamba imemfika yote.

Mchezo ule bado ulikuwa mgeni mjini, na watu waliokuja wengi walikuwa mashabiki wa mpira. Walikuja na akili ya mpira: asiye wetu ni adui. Walipoliona la bluu limeganda nyuma ya jeupe, wakaanza.

"Mtoe mgongoni huyo! Kwani amebebwa?"

"Wewe wa bluu, umepotea? Mama yako anakutafuta!"

Yule mama wa kitenge aligeuka taratibu. "Mama yake yuko hapa anakunywa soda," akasema. "Wewe wa kwako anajua uko wapi?"

Watu wakacheka mpaka aliyepiga kelele akacheka naye. Mama kijana hakucheka.

Shingoni mwake mama yule mzee alikuwa na hedifoni, zile za kukodi pale getini, zenye kijiredio kidogo. Unazungusha namba ya gari, unamsikia dereva wake akisema na mtu wake aliyesimama juu ya paa la jukwaa kumwonyesha njia. Akazivua.

"Chukua, mwanangu, umsikie mumeo. Ana sauti nzuri leo."

"Asante, mama. Nasikia vya kutosha."

"Hata kidogo tu?"

"Nimesema asante, mama."

Mama mzee akazivaa masikioni mwake, akaendelea kutazama. Gari jeupe na gari la bluu yalipita mbele yao kama kitu kimoja, mwanga mweupe wenye mkia wa bluu. Mzunguko wa mia na ishirini. Mia na ishirini na tano. Kila yalipopita, mama kijana hakuona tena gari la mumewe. Aliona mkia tu. Aliona ile kona ya mwaka jana. Alihesabu mizunguko kwa vidole mgongoni mwa mtoto.

Akafumba macho akaomba. Hakuomba kwa sauti. Alisema, "Bwana, huyu aliye nyuma yake mwondoe. Siombi kingine. Mwondoe tu."

Wapendwa, ni maombi ya namna gani haya? Ni mabaya? Mimi siwezi kuyaita mabaya. Ni maombi ya mke aliyemlisha mumewe kwa kijiko.

Ilikuwa mzunguko wa mia na arobaini na moja. Gari la bluu lilitoa moshi mdogo upande wa kushoto, tairi la mbele likachanika vipande vipande, nalo likayumba, likashuka taratibu chini ya njia kwenye majani, likasimama. Dereva wake alitoka mzima. Sisemi kwamba Mungu alipasua tairi kwa sababu mama mmoja alifumba macho. Matairi hupasuka. Nasema hivi: mama yule alifumbua macho akakuta alichokiomba kimekuwa.

Alivuta pumzi ndefu kana kwamba ametua ndoo ya maji. Gari jeupe lilikuwa mbele, peke yake, safi, hakuna kitu nyuma yake ila lami tupu. Jukwaa lilipiga kelele za furaha. Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Gari jeupe lilipita mbele yao.

Lilipopita tena, kitu hakikuwa sawa. Sauti yake ilikuwa imeshuka, kama mtu anayepanda mlima. Na kule nyuma, kutoka kwenye lile joto lililofanana na maji, ukatokea mstari wa magari sita, pua kwa mkia, pua kwa mkia, unakuja kama treni.

"Kwa nini anapunguza mwendo?" mama kijana akasema. Hakuwa akimuuliza mtu. "Mbona anapunguza? Hakuna anayemsumbua sasa!"

Mama mzee alivua hedifoni zake. Safari hii hakuuliza. Alizungusha namba, akamvisha mama kijana mwenyewe, kama unavyomvisha mtoto kofia.

Kwanza ulikuwa mkwaruzo. Kisha sauti ya mumewe, karibu kabisa, kama wamelala kitanda kimoja.

"Yuko wapi? Wa bluu yuko wapi?"

Sauti nyingine, ya mtu wa juu ya paa: "Ametoka. Tairi. Uko peke yako."

"Mwambieni arudi!"

"Hawezi kurudi, kaka. Ametoka kabisa."

Mngurumo wa injini. Kisha mumewe akasema, na alisema kwa upole, kwa sauti ile aliyoitumia nyumbani alipokuwa amechoka: "Basi. Peke yangu siwezi."

Treni ya magari sita ilimpita kwenye kona ya pili. Mzunguko uliofuata yakampita mengine matano.

Mama kijana alivua hedifoni akamgeukia mama mzee, na sasa alimtazama usoni. "Sielewi, mama. Si alikuwa anamfukuza?"

"Kumfukuza?" Mama mzee alishangaa kweli. "Mwanangu, hukuambiwa? Kwa mwendo ule upepo unamshika mtu nyuma, kama umeshikwa shati. Mwenzako akikuganda mkiani, ule mkono wa upepo unaachia shati. Mnakwenda wawili kasi ambayo mmoja haipati. Mwanangu alikuwa anamsukuma mumeo tangu mzunguko wa themanini na kitu. Walipatana jana jioni. Alisema, 'Mama, mwaka jana nilimvunja mfupa. Mwaka huu nitampeleka mbele.'"

Gari jeupe lilimaliza la kumi na mbili.

Mwenye gari hakungoja hata injini zipoe. Mama kijana alimwona kutoka juu akimpa mumewe mkono wa haraka, kisha akaondoka. Mumewe alibaki amesimama na helmeti mkononi. Halafu akaanza kutembea. Hakwenda kwenye gari lake wala kwa mkewe. Alikwenda moja kwa moja kwenye majani kule lilikosimama gari la bluu, akamkumbatia dereva wake, wakabaki hivyo muda mrefu, watu wawili wadogo katika ile tambarare kubwa, na uwanja wote umekuwa kimya ghafla kama mzinga ambao nyuki wamehama.

Mtoto aliamka akaanza kulia.

Basi fumbueni macho, wapendwa, turudi humu ndani.

Mimi na wewe tumeomba mara ngapi maombi yale? Bwana, mwondoe mama mkwe, kila siku anauliza mtoto amekula nini. Bwana, mwondoe yule jirani anayegonga dirisha Jumamosi asubuhi kuuliza kama leo hatuendi kufagia kanisa. Mwondoe yule kazini anayerudia kusoma kila ninachoandika. Mwondoe huyu mume anayeniuliza, "Una nini leo, mbona kimya?" Tunaona ameganda mgongoni petu, tunasema anatufukuza. Hatujawahi kumuuliza. Hata alipotunyooshea kitu ili tusikie, tulisema asante, tunasikia vya kutosha.

Sitawadanganya. Wapo wanaotugonga. Wa bluu aligonga kweli mwaka jana, na mfupa ulivunjika kweli, na mama yule hakuota. Hapa ndipo neno linapokuwa gumu, na mimi mwenyewe nimekesha nalo. Aliyegonga mwaka jana ndiye aliyesukuma mwaka huu. Ni mtu yuleyule, na gari lilelile. Mungu hakumletea yule dereva wa jeupe msaidizi mpya, safi, asiye na historia. Alimtumia aliyemvunja, akampa nafasi ya kutengeneza. Na mke, kwa upendo wake wote, aliomba nafasi hiyo iondolewe.

Je, si tabia yetu hiyo? Tunaweka watu kwenye kona ile waliyotukosea, tunawaacha pale, hata wakitembea mwaka mzima kuja kutusaidia hatuwaoni wamefika.

Kabla hatujasimama kuimba, nawaomba jambo moja. Usimtazame aliye kando yako, huyo umemchagua. Geuka umtazame aliyekaa nyuma yako. Mpe mkono. Usiseme mengi.

Na ninyi wa benchi la mwisho, ambao nyuma yenu kuna ukuta tu, msidhani mmesahauliwa. Sisi sote tulio mbele tunakwenda kwa sababu mpo hapo. Tafadhali msitoke.