Unyoya Puani mwa Sangara

Hapo zamani za kale, kabla Fisi hajajua kuona haya (hata leo hajajua, lakini tuendelee), palikuwa na mto mpana, na mtoni humo aliishi Sangara. Samaki huyo! Mdomo kama mlango wa ghala. Nyie huko nyuma acheni kusukumana, sijafika penye utamu.

Sangara alikuwa anakula vifaranga wa Bata. Kila asubuhi Bata akivuka na wanawe kwenda malishoni, chubwi! Mmoja hayupo. Sasa alibaki kitindamimba peke yake, jina lake Kiduchu. Kuvuka ni kuliwa, kutovuka ni njaa.

Na mlinzi wa kivuko alikuwa nani? Fisi. Ana rungu, ana kofia, na kitambi anacho.

"Bwana Mlinzi," Bata akalia, "huyu ndiye mwanangu wa mwisho!"

"Pole, Mama Kiduchu. Nimemtupia Sangara nyama yenye ndoana, hakuigusa. Sasa nifanyeje? Nimuoe?"

Jirani yake Bata alikuwa Nguchiro, mnyama mwembamba kama soksi iliyonyeshewa. Akalitazama tumbo la Fisi.

"Kumbe kulinda maji kunanenepesha hivi, Bwana Mlinzi?"

"Toka hapa, panya wewe!"

Nguchiro akamgeukia Bata. "Dada, nipe manyoya. Yale laini ya kifuani."

"Mwanangu anataka kuliwa, wewe unataka mto wa kulalia!"

"Nisikilize. Nyama iliyotulia Sangara haitaki, ameshiba. Lakini umewahi kumwona akikiachia kitu kinachomkimbia? Yule hali kwa njaa, dada. Anakula kwa hasira."

Bata akajinyonyoa. Nguchiro akayafunga manyoya kwenye ndoana mpaka yakafanana na kifaranga aliyezaliwa kwa haraka. Akachukua ufito wa mwanzi na uzi mrefu wa katani, akapanda juu ya jiwe.

Fyuu, nyuma! Fyuu, mbele! Uzi ukajikunja hewani kama mjeledi, unyoya ukatua majini, tep. Akauvuta kidogo, kidogo, akaacha, kisha mbio!

Maji yakavimba. Jicho likatokeza.

"Nani anakatiza mbele yangu?"

Nguchiro akabana pua, akalia kama kifaranga: "Mdomo mkubwa, akili ya dagaa!"

"Mimi? MIMI?"

Bwaa! Sangara akaruka, akakosa. Mto mzima ukasimama kutazama. Hata Mzee Kiboko, jumbe wa mto, akatoa kichwa.

Basi Nguchiro angeweza kumvuta yule? Thubutu! Angevutwa yeye, na jiwe lake. Ndiyo maana akasema kwa sauti: "Huyu nikimtoa, namla peke yangu. Hata mfupa sitoi!"

Mate yakamdondoka Fisi mpaka vidoleni.

"Lete uzi hapa! Kivuko changu, samaki wangu."

"Haya, bwana mkubwa, shika mwisho wa uzi, mimi nichezeshe ufito. Ila usije ukaporwa. Watu wa hapa nawajua."

"Aniporaye nani?" Fisi akajifunga uzi kiunoni, akakaza fundo juu ya fundo.

Fyuu! Tep. "Mdomo mkubwa, akili ya..."

GWAA! Sangara akabugia.

Fisi akaruka kama kifuniko cha sufuria. Chubwi, majini! Akashika mizizi, akavuta. Sangara akavuta. "Mamaaa!" Kofia ikaenda zake, haikuaga. Wakavutana mpaka samaki akachoka, puu! Akaanguka mchangani, mbele ya Mzee Kiboko.

Sangara akaufuata uzi kwa macho, aone ni nani aliyemvua. Akapasuka kwa hasira.

"Wewe? Kila asubuhi unamwambia Bata maji ni shwari, avuke. Mimi namkamata mtoto, nakugawia nusu. Leo wanitia ndoana mimi? Fisi, huna hata haya ya mwizi!"

Mzee Kiboko akasogea karibu.

"Nusu ya nini, Bwana Mlinzi?" Kiboko akauliza polepole.

"Hi hi hi! Anaweweseka, Mzee. Samaki akipigwa na jua..."

Bata alikuwa anakitazama kile kitambi.

Fisi akatimua mbio. Lakini fundo alilikaza mwenyewe! Akatokomea porini akimburuta Sangara mzima nyuma yake, bu! bu! bu! kila kisiki, na kiuno kikalegea, kikashuka. Mtazameni hata leo anavyotembea.

"Panya wewe!" akapiga kelele kutoka mbali.

"Karibu tena!" Nguchiro akajibu.

Kiduchu akatia mguu majini, akautoa, akautia tena. Akavuka, mama yake nyuma.

Basi kama mlikuja kusikia, mmesikia: mwenye hasira usimtege kwa mnofu, mpitishie unyoya puani.