Ubeti Uliosifiwa Tu

Vijana wetu wameniletea swali kwenye karatasi. Walikutana Jumatano, ajenda ilikuwa usafi wa kanisa, wakaishia kubishana habari za hip-hop. Upande mmoja unasema mistari ya maana imekwisha, siku hizi ni matusi na majigambo. Upande wa pili unasema mistari mizuri ipo, ila watu hawasikilizi. Kikao kilivunjika usafi haujapangwa, ndiyo maana asubuhi hii mmekaa kwenye vumbi. Sasa wanataka mchungaji aseme nani yuko sahihi.

Sitasema. Nitawapa mfano, na mfano wenyewe nimeutunga, kwa hiyo mkitoka hapa msianze kumtafuta mtu mtaani.

Palikuwa na fundi mmoja wa kuchomelea mageti na madirisha. Kazi ya kuchomelea mnaijua, umeme ukikatika mikono inakunjwa. Na katika mtaa ule umeme ulikuwa unakatika karibu kila siku baada ya saa sita mchana. Mafundi wakikaa bila kazi wanafanya nini? Wanabishana. Wengine hubishana mpira, wengine siasa. Karakana ile walibishana hip-hop.

Fundi huyu alikuwa na sababu yake. Alipokuwa kijana aliacha chuo cha ufundi mwaka wa kwanza, akawa anashinda kijiweni. Siku moja akasikia redioni ubeti wa msanii fulani, unaeleza habari za mtoto wa shule na shati lake lililochanika, jinsi mama yake alivyolishona. Pale karakana waliuita ubeti wa mshono. Ulimwingia. Wiki iliyofuata akarudi chuo, akamwangukia mkuu wa chuo, akapokelewa. Ufundi alionao, mke aliyempata, nyumba anayolala, vyote anasema vilitoka kwenye ubeti ule. Wazee wangu mnaokunja uso, msikunje. Mungu alishamtumia punda kusema na mtu, hawezi kushindwa na redio.

Sasa fundi huyu akiwasikia wasanii wa siku hizi, moyo unamuuma. Alikuwa na kijana mmoja anafanya naye kazi, mchomeleaji hodari, mpenzi wa hiyo hip-hop mpya. Hao wawili ndio waliokuwa wakivutana.

Kijana anasema, "Braza, mtaa ukiwa mchafu, mistari itatoka misafi kwa njia gani? Msanii ni kioo cha jamii."

Fundi anamjibu, "Kioo kinakuonyesha tope usoni ili ukanawe. Hawa wenu wanatupaka."

"Na wale wenu wa zamani walikuwa wanahubiri tu. Nani atacheza mahubiri?"

Hapo niliumia kidogo, lakini tuendelee.

Fundi alikuwa mtu wa haki. Aliona vijana wanaponda nyimbo ambazo hata hawajazisikiliza, akaweka sheria pale karakana. Sheria ilisema hivi: huruhusiwi kuponda ubeti ambao huwezi kuuchana. Kuchana, wazee wangu, ndiko kughani kwao. Ukitaka kuuponda ubeti, uchane kwanza wote, mwanzo mpaka mwisho, tuusikie, ndipo utuambie ubaya wake. Sheria nzuri. Hata mahakamani mtuhumiwa husomewa mashtaka kwanza. Kwa upande wa kusifu hapakuwa na sheria yoyote. Ukitaka kusifu, unasifu.

Nani kati yenu ameona sheria hiyo itampeleka wapi? Mwenye kuponda sana ndiye atakayekariri sana. Na hakuna aliyekuwa na mengi ya kuponda kama fundi mwenyewe.

Basi wimbo mpya ukitoka, yeye ndiye wa kwanza kuutafuta. Anaweka simu sikioni, anaurudia, anaurudia, anauandika mstari kwa mstari nyuma ya risiti za vyuma, mpaka umekaa kichwani. Umeme ukikatika, anasimama katikati ya karakana anauchana. Na alikuwa na kipaji. Mkono wake wa kushoto unakata hewa, pumzi anaivuta mahali pake, macho anayatembeza kwa watu mmoja mmoja. Wapita njia wanasimama. Mama muuza maandazi anaacha karai. Kulikuwa na ubeti mmoja hasa, mistari minane, wa chupa na viungo vya wanawake, na mwishoni anatukanwa mama wa mtu. Siwezi kuurudia hapa. Nawaona mnaotamani niurudie, hata wewe mzee wa baraza. Ubeti huo aliuchana mara nyingi kuliko yote, kwa sababu ndio uliomchukiza kuliko yote.

Akimaliza wanampigia makofi. Kisha anafuta jasho anasema, "Mmeisikia takataka hiyo? Sasa linganisheni na ule ubeti wa mshono. Ule ndio hip-hop. Ule ulinirudisha chuo."

Wote wanaitikia, "Ule hauna mpinzani, braza." Na wanahamia wimbo mwingine.

Siku moja kijana wake akamuuliza, "Lakini braza, inakuhusu nini? Wewe una kazi yako, una familia. Waache waimbe."

Fundi akamwonyesha binti yake. Alikuwa na binti wa miaka sita, anasoma chekechea. Darasa lao lilikuwa linaisha saa sita, na kwa kuwa mama yake alikuwa anashinda sokoni, mtoto alikuwa anasubiri pale karakana, amekaa juu ya kopo la rangi lililogeuzwa, anachora sakafuni kwa ile chaki ya kuwekea alama kwenye vyuma.

Fundi akasema, "Inanihusu kwa sababu ya huyu. Nitakufa siku moja nimwache. Nataka awe na kitu mdomoni, siku akikwama, kimnyanyue kama kilivyoninyanyua mimi. Hawa wasanii wenu wanataka kunijazia mtoto uchafu. Ndiyo maana napigana."

Mnaona? Hakuwa mnafiki. Alikuwa baba anayempenda mtoto wake, na aliyoyasema aliyaamini.

Mwezi wa kumi na mbili yakafika mahafali ya chekechea. Turubai limefungwa, viti vimepangwa, watoto wamevaa majoho ya kijani ya kuazima yanayoburuza chini. Fundi na mkewe wakakaa mstari wa pili. Mgeni rasmi amechelewa, kama kawaida ya wageni rasmi. Mwalimu, ili kupoteza muda, akachukua kipaza sauti akasema, "Watoto wazuri, nani ana shairi lingine la kutufurahisha? Hata la nyumbani."

Binti akanyoosha mkono. Fundi akainua simu juu ili amrekodi mwanawe.

Mtoto akashika kipaza sauti, akauanza ubeti ule wa chupa. Mistari miwili ya kwanza haina tusi, ndiyo maana mwalimu hakushtuka mapema. Mkono wa kushoto ukakata hewa. Pumzi akaivuta pale pale baba yake anapoivuta. Macho akayatembeza kwa wazazi mmoja mmoja. Ulipofika mstari wa nne, simu ya fundi ilikuwa imeshuka mapajani. Mwalimu akakimbilia kipaza sauti, lakini mtoto wa miaka sita akishazoea kitu hana haja ya kipaza sauti. Akaimaliza yote minane, na mama wa watu akamtukana vizuri tu, kisha akasimama anasubiri makofi.

Hakuna aliyepiga. Mtoto akashangaa, kwa sababu alikokuwa ameuona ubeti ule ukichanwa, makofi hayakukosekana hata siku moja.

Mwalimu akainama, akamuuliza kwa upole, "Mama, nani amekufundisha haya?"

"Baba."

"Baba gani?"

"Baba yangu, yule pale amekaa na mama. Hajanifundisha, nimemsikia. Akichana watu wote wanafurahi."

Mwalimu aliona aibu kwa niaba ya mzazi, akajaribu kumwokoa. Akasema, "Lakini si baba anazo na nyimbo nyingine nzuri?"

Mtoto akafikiri. Akasema, "Upo mmoja mzuri, wa mshono. Ila huo baba hauchani. Anausifu tu."

Wapendwa, mimi ni mchungaji, nimesikia maungamo mengi, lakini ningekuwa fundi yule ningetamani kiti kinimeze.

Wakarudi nyumbani kwa miguu. Mke ametangulia mbele, hasemi, na mwanamke asiposema mnajua hali ilivyo. Fundi amemshika mtoto mkono. Hakumpiga, wala hakumfokea, kwa sababu angemfokea kwa kosa la nani? Walipofika kwenye daraja la mtaani kwao akachuchumaa, wakawa macho kwa macho, akamwambia, "Mwanangu, ule wa leo tuusahau. Baba alikosea. Sasa nitakufundisha ule mzuri, wa mshono. Sikiliza."

Akakohoa. Akaanza.

*Sare ilichanika begani, mama akashona dirishani,*
*uzi mweusi, shati jeupe, wenzangu wakacheka darasani...*

Akanyamaza.

Mtoto akasema, "Halafu?"

Fundi akarudia mistari ile miwili, akiikimbiza ili imvute hadi wa tatu. Wa tatu haukuja. Akajaribu kutokea mwisho, akapata neno moja, moyoni, lakini moyoni kuna nini, hakukumbuka. Miaka kumi na minane amekuwa akiusifu ubeti ule. Ameutaja mbele ya watu mara ambazo hazihesabiki. Ubeti uliompa kazi, mke na mtoto huyu aliyesimama mbele yake, ulikuwa umemtoka mdomoni wakati anaulinda kwa maneno.

Mtoto akasubiri. Alipoona baba amekwama, akamhurumia. Akamshika shavu akasema, "Basi baba, tuchane ule tunaoujua."

Mfano wangu unaishia hapo darajani.

Sasa vijana, mnaona kwa nini sikutaka kuamua ubishi wenu? Lakini sikuja kuwasema vijana leo. Vijana wanabishana hip-hop tu. Nimekuja kutusema sisi wenye nywele nyeupe, sisi wa viti vya mbele.

Sisi tunachana nini?

Mwenzetu mmoja akianguka dhambini, nani kati yetu hajui habari nzima? Tunajua siku, tunajua nyumba, tunajua aliingilia mlango gani na mke wake alisemaje. Na tuna sheria yetu kama ile ya karakana. Hatusengenyi, hapana, sisi ni watu wa Mungu. Tunasema, "Jamani, tumwombee fulani." Wenzetu wanauliza, kwani kuna nini? Hapo tunauchana wote, mwanzo mpaka mwisho, mkono unakata hewa. Tukimaliza tunatikisa kichwa tunasema, dunia imeharibika. Maombi yenyewe mara nyingi tunasahau kuyafanya. Na mtoto yuko jikoni pale anamenya viazi, au amekaa na daftari lake, na wewe unadhani anasoma.

Na kuna mama katika usharika huu, simtaji, aliwachukua watoto watatu wa jirani yake aliyefariki, akawalea na wa kwake wanne. Tunasemaje habari zake? Tunasema, "Ah, yule ni mtu wa Mungu kweli." Kisha tunahamia habari nyingine. Nani hapa anajua walilala wapi watoto saba katika vyumba viwili? Nani anajua alimwambia nini yule mkubwa alipotaka kutoroka? Hatujui. Hatujawahi kumuuliza. Wema wake tumeusifu vizuri sana, na siku mtoto wako atakapotakiwa kuwa na moyo kama ule, hatakuwa na mfano hata mmoja wa kushika, kwa sababu sifa haimfundishi mtu kitu.

Hili linaniuma, nisiwafiche, kwa kuwa na mimi ni mmoja wenu. Niulizeni makosa ya wachungaji wenzangu, nitawapa mpaka tarehe. Niulizeni mchungaji aliyenibatiza alinifundisha nini, nitawaambia alikuwa mtumishi mwema.

Haitoshi kuuchukia ubaya. Fundi aliuchukia kuliko mtu yeyote mtaani, na kwa chuki hiyo akamchania mtoto wake ubaya huo mpaka ukamkaa. Lililo jema lina haki ya kusemwa lote, neno kwa neno, mbele ya watoto, mara nyingi mpaka likae.

Na tuanzie hapa hapa, leo hii. Nyumbani kwenu kuna waliobaki. Kuna mgonjwa, kuna bibi asiyeweza kupanda kile kilima chetu, kuna yule mwenye zamu kazini. Watakuuliza, ibada ilikuwaje? Najua mnavyojibu. Mnasema, "Leo mchungaji kahubiri." Basi, mnakaa mezani mnakula.

Leo msiniambie nimehubiri vizuri pale mlangoni, na nyumbani msiseme tu kwamba nimehubiri. Mkae na yule mgonjwa mumwambie nimesema nini. Ukifika katikati ukakwama, usimdanganye. Mwambie umesahau, kisha umuulize yeye habari ya mtu mmoja aliyemtendea wema, na usiinuke mpaka amalize.

Tusimame, tunyamaze kidogo, kila mmoja amkumbuke mtu huyo wake. Halafu tutaomba.