Aliyemwonyesha Mama Deusi

Kaeni vizuri, na mwenye haraka aondoke sasa hivi, maana hadithi hii ikifika mwisho nitawadai jibu. Imeshasimuliwa msibani, imeshasimuliwa kwenye sherehe ya kipaimara, na mara moja kwenye foleni ya mbolea, na kila mahali watu wameondoka wamenuniana. Msije mkasema hamkuambiwa.

Songea, upande wa Lizaboni, aliishi mama mmoja mjane, Eusebia Haule, aliyejaliwa watoto wanne. Wa mwisho, Deusi, alikuwa mwimbaji wa kwaya ya parokia. Alikufa kwa homa akiwa na miaka ishirini na mbili, miezi mitatu tu baada ya watu wa televisheni kuja na kamera zao kuirekodi kwaya. Nakala waliyoahidi kuileta hawakuileta. Ila kituo chao kilikuwa na kipindi cha kwaya kila Jumapili saa tatu asubuhi, na mara moja moja, bila kumtaarifu mtu, kilipiga wimbo wa kwaya ya Deusi. Miaka hiyo simu za kutazamia video zilikuwa bado ni za watu wachache. Mama alikuwa na picha tatu za mwanawe ukutani, lakini Deusi anayefumbua mdomo na kuimba alikuwa ndani ya kipindi kile tu, si kwingine.

Mama akapigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikafa, ulimi ukawa mzito. Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine duniani ila kumwona Deusi akiimba. Na nyumbani hapakuwa na televisheni.

Watoto watatu waliobaki wakachanga sawa kwa sawa. Hilo lishikeni, kwa sababu kwenye bei ya televisheni hakuna anayedai alitoa zaidi. Walichozidiana ni vipaji.

Kastory, mkubwa wao, muuza spea za pikipiki sokoni, alikuwa na kipaji cha kumsoma muuzaji. Akikutazama dakika mbili unavyopanga bidhaa zako, ameshajua kama kesho atakukuta. Benigna, wa pili, karani huko Makambako, alikuwa na kipaji cha kusoma karatasi. Anasoma hata yale maandishi madogo ya nyuma ambayo sisi wengine tunayafungia vitumbua. Na Longina, aliyebaki nyumbani na mama, aliyeachwa na mume na hakuwa na kwingine kwa kwenda, alikuwa na kipaji cha kutunza. Kitu kikiingia mkononi mwake hakipotei, hakichakai. Watu wa mtaani walimtania kwamba hata ugomvi anauweka kwenye nailoni.

Ikaja siku ya kununua. Karibu na stendi palikuwa na duka linauza televisheni kwa bei ya kutupa, na ukinunua unapewa pasi ya bure. Longina alishaanza kuifikiria ile pasi. Kastory akakataa. Akaenda kwenye duka la wakala wa kiwanda, barabara kuu, akakaa barazani kwa mwenye duka tangu asubuhi mpaka adhuhuri, hanunui kitu, anatazama tu wanaorudisha vitu vibovu wanavyopokelewa.

"Kaka, watu watadhani umekuja kuiba," Longina alimwambia.

"Wacha wadhani. Kule stendi nimemuuliza jamaa, mtu akirudisha mzigo anapokelewa na nani? Amecheka. Huyu hapa nimemwona akimpokea mzee na redio yake iliyokufa, akamwandikia karatasi, na hakumfokea. Tunanunua hapa."

Wakanunua pale, bei ya juu, pasi hakuna. Miaka miwili baadaye lile duka la stendi lilikuwa saluni ya kusuka nywele, na aliyekuwa akiuza hakuna aliyejua ameelekea wapi.

Palepale dukani, kabla hawajaondoka, Benigna, aliyekuja kutoka Makambako kwa ajili ya siku hiyo, akaigeuza kadi ya waranti na kuisoma yote. Kiwanda kilitoa mwaka mmoja wa kutengenezewa au kubadilishiwa bure. Lakini ukilipia nyongeza siku hiyohiyo, unaongezewa miwili. Kastory akaangua kicheko.

"Dada yetu anapenda karatasi kama mchwa! Hiyo nyongeza ni hela ya supu ya mwenye duka. Televisheni nimekuchagulia mimi, nzima, itakufaje?"

"Mama hatapona mwaka huu wala mwakani," Benigna alisema. "Atakuwa anaitazama mwaka wa tatu. Mwaka huo nani atamnunulia nyingine?"

Wenzake hawakutaka kuongeza hata senti. Benigna alikuwa na jino bovu lililomnyima usingizi wiki nzima, na hela ya kulitoa alikuwa nayo kwenye pochi. Akailipia waranti. Akarudi Makambako ameshika shavu. Kabla ya kupanda basi alimwandikia Longina mambo matatu: risiti isipotee, boksi lisitupwe, na ile stika ndogo ya rangi ya fedha iliyofunika skrubu ya nyuma isibanduliwe na mtu yeyote, kwa sababu ikibanduka waranti imekufa.

Longina akatunza. Boksi alilivalisha gunia akalisukuma chini ya kitanda cha mama. Risiti aliona baada ya miezi michache imeanza kufifia maandishi, kama zinavyofifia zote, akakimbia kutoa kopi na kwenda kuigongesha muhuri dukani. Vyote akavifungia ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Mwaka wa kwanza mama alimwona Deusi mara mbili. Mwaka wa pili, mara moja. Kila alipomwona, wiki nzima alikula vizuri. Mwaka wa tatu ukafika Juni na wimbo haujapigwa hata mara moja, na Juni hiyo, Ijumaa moja ya baridi kali, televisheni ikazima. Longina akabonyeza, akachomoa, akachomeka. Kiza tupu.

Mtaani palikuwa na fundi, Makarios, mtu mwema asiye na makuu. Alikuja na bisibisi yake, akaigeuza televisheni, akaitazama.

"Ni kitu kidogo tu, dada Longina. Nafungua, nabadilisha, Jumapili mama anaangalia."

Kidole chake kilikuwa juu ya ile stika. Mama kitandani akanyanyua mkono wa kushoto akafanya ishara iliyoeleweka na kila mtu: fungua.

Longina alikitazama kile kidole. Alimfahamu Makarios. Redio alikuwa akizifufua, lakini televisheni ya Mama Chengula, jirani, aliifungua mwaka uliopita na mpaka leo ilikuwa mezani kwake matumbo nje. Nyingine mbili alizitengeneza zikapona. Jumapili ilikuwa keshokutwa. Waranti ilikuwa imebakiza miezi miwili.

"Hapana, fundi," alisema. "Usifungue."

Mama akamtazama, kisha akageuzia uso ukutani. Longina aliniambia kwamba hajawahi kutazamwa vile na mtu, hata na mume aliyemwacha.

Televisheni ikarudi kwenye boksi lake, na boksi likapelekwa dukani pamoja na risiti, kopi na stika nzima. Mwenye duka alipokea bila maneno. "Inakwenda Dar es Salaam," alisema. "Subirini."

Mtauliza, majirani hawakuwa na televisheni? Mama Chengula alikuwa ameshanunua nyingine. Jumapili ya kwanza na ya pili walimbeba mama juu ya kiti mpaka kwake, saa tatu asubuhi, upepo wa Juni unakata masikio. Wimbo haukupigwa. Jumapili ya tatu mama alikuwa anakohoa, na nesi akakataza kabisa asitolewe nje.

Jumapili ya nne Longina alikuwa jikoni anakoroga uji. Mama Chengula akaja mbio, kitenge kinamdondoka.

"Longi! Deusi! Wamempiga Deusi, yuko mstari wa nyuma, na shati lake la bluu!"

Wakatazamana. Hata wangemfunika mama mablanketi yote ya nyumba na kumbeba, wimbo ulikuwa umeshakwisha. Mama alikuwa usingizini chumbani.

"Usimwambie," Longina alisema. "Nakuomba, shoga yangu. Asijue."

Akampelekea mama uji, akamnywesha kijiko kwa kijiko, akamfuta mdomo. Siku hiyo na siku zote zilizofuata alibeba lile neno peke yake. Angemwacha Makarios afungue, huenda mama angemwona mwanawe akiwa kitandani kwake. Na huenda wasingemtoa nje kwenye upepo. Au huenda Makarios angeiua moja kwa moja. Hakuna aliyejua, na hilo ndilo lililomtafuna.

Wiki ya saba dukani wakampigia simu. Walimpa televisheni mpya kabisa. Alipouliza ile ya zamani ilikuwa na nini, na kama fundi wa mtaani angeiweza, mwenye duka alisoma karatasi kutoka Dar es Salaam. Iliandikwa: kifaa kimebadilishwa. Basi.

Jumapili ya pili baada ya hapo, wimbo ukapigwa. Longina alimwinua mama na kumwegemeza kifuani kwake. Deusi alisimama mstari wa nyuma, shati la bluu, anafumbua mdomo kuliko wenzake wote, na kamera ikapita juu yake mara mbili. Mama alinyanyua mkono wa kushoto. "Mwanangu," akasema, na neno likatoka zima, halikukwama popote. Longina alilia bila kutoa sauti ili asimtingishe.

Mchana huo mama alimwita kaka yake, mjomba Fulgens, pamoja na katekista. Kwa shida, neno moja baada ya jingine, akasema kwamba nyumba apewe mtoto aliyemwonyesha Deusi. Mjomba akamuuliza ni nani. Mama alifumba macho, amechoka. Kifua kilikuwa kimeshambana. Jumatano akafariki.

Walipoondoa matanga, mjomba Fulgens aliwakalisha sebuleni wale watatu, katekista pembeni, na ufunguo wa nyumba juu ya stuli.

"Dada yangu alisema neno moja na hakutaja jina," alisema. "Semeni wenyewe."

Kastory akaanza. Hakupiga kelele, sauti ilikuwa imekauka kwa kilio cha wiki nzima. "Mjomba, tungenunua kule stendi, hiyo waranti tungeipeleka kwa wasusi wa nywele? Karatasi bila mtu wa kuipokea ni karatasi. Niliyemtafuta mtu wa kuipokea ni mimi. Mimi ndiye niliyemwonyesha mama Deusi."

Benigna akaweka mkono shavuni, pale alipokuwa na pengo, maana jino lile lilioza mpaka likaondoka na mwenzake. "Kaka, ulinicheka mbele ya watu. Duka lako zuri lingempokea Longina vizuri, lingempa kiti akae, kisha lingemwambia mwaka mmoja umeshapita, pole sana. Mimi ndiye niliyeinunua ile televisheni ya pili, miaka mitatu kabla haijahitajika."

Mjomba akamgeukia Longina. "Na wewe, mwanangu?"

Hapa mnielewe vizuri. Nyumba ile kwa Kastory ilikuwa mahali pa kujenga fremu za duka. Kwa Benigna ilikuwa pa kurudi akistaafu. Kwa Longina ilikuwa kitanda cha leo na jiko la leo, na asipoipata alikuwa hajui atalala kwa nani. Na maneno ya kuidai alikuwa nayo tayari: boksi nililitunza mimi, risiti mimi, stika niliilinda mimi mbele ya bisibisi na mbele ya mama yangu mwenyewe. Mama Chengula alikuwa amenyamaza na angeendelea kunyamaza.

Longina akautazama ufunguo.

"Stika niliilinda mimi," alisema. "Ingebanduka, duka na waranti vyote visingekuwa kitu. Hiyo ni kweli." Akaugeukia mlango wa chumba cha mama. "Lakini Jumapili ya nne walimpiga Deusi, na mama alikuwa amelala hapo chumbani bila televisheni. Nilijua, nikamficha. Na kile kikohozi alikipata kwenye kiti, tukimpeleka kwa jirani. Aliniomba nimwache fundi afungue. Nilimkatalia."

Kastory aliinuka nusu, akakaa tena.

"Kwa hiyo mama alimkosa Deusi akiwa bado na nguvu," alisema taratibu, "kwa ajili ya stika?"

"Habari ya stika niliiandika mimi," Benigna akadakia, machozi yanamtoka. "Nilimwambia asimwachie mtu yeyote aiguse. Ukimlaumu yeye, nilaumu na mimi."

"Na duka ndilo lililochukua wiki saba," Longina akasema. "Lakini mimi simlaumu mtu, kaka."

Mjomba Fulgens alisimama, akauacha ufunguo palepale juu ya stuli, akatoka nje akasimama uani, akiwapa mgongo. Katekista naye akainamisha kichwa.

Nami ninaishia hapohapo, sebuleni, hao watatu wamekaa na hakuna anayeugusa ufunguo. Bila macho ya Kastory pasingekuwa na duka la kurudi. Bila jino la Benigna pasingekuwa na waranti. Bila hapana ya Longina pasingekuwa na chochote cha kurudisha, na hapana hiyohiyo ndiyo iliyomlaza mama gizani Jumapili ya nne.

Sasa deni langu. Ninyi ndio mjomba, na wote watatu wanawatazama. Ufunguo mnaunyanyua mnampa nani? Na msinipe jina tu. Mkishalitaja, mgeukieni Longina mumjibu swali analojiuliza kila asubuhi: mbele ya ile bisibisi, na mama anamwonyesha kwa mkono, ninyi mngesema nini?