Jina la Mtoto wa Bondeni

Hapo zamani, kabla watu hawajajua kuweka alama kwenye mizinga ya nyuki, vilikuwako vilima viwili vilivyotazamana, Kitope na Kisaga, na katikati yake kijiji kimoja, Bondeni.

Watu wa Kitope na watu wa Kisaga walikuwa vitani. Waligombea mzinga mmoja. Kitope walisema, "Nyuki wanalala kwetu, asali ni yetu." Kisaga walisema, "Nyuki wanakula maua yetu, asali ni yetu." Wakapigana mishale kutwa. Asali yenyewe ilikwisha kuliwa na nyegere tangu vita vilipoanza, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema hilo.

Watu wa Bondeni hawakuwa na ugomvi na mtu. Lakini mshale wa Kitope ukienda Kisaga ulipita juu yao, na mshale wa Kisaga ukienda Kitope ulipita juu yao, na ule uliochoka njiani uliangukia kwao. Basi hakuna aliyelima, hakuna aliyekwenda sokoni. Ghala zikabaki na panya, kisha panya nao wakahama.

Nyuma ya vilima hivyo aliishi Bi Sikudhani. Binti yake, Mwaliko, alikuwa ameolewa Bondeni. Siku moja akaja mtu aliyetoroka Bondeni kwa kutambaa mtaroni, matope mpaka masikioni, akamwambia, "Mama, Mwaliko amejifungua mtoto wa kiume. Lakini maziwa hayatoki. Yatatoka wapi, na tumbo halina kitu?"

Bi Sikudhani hakulia. Alitwanga ulezi, akasaga, akajaza magunia mawili, kisha akasimama mbele ya majirani zake. "Nani atanifikisha Bondeni na unga huu? Ng'ombe sina, mbuzi sina. Nina mjukuu asiye na jina. Atakayenifikisha, yeye ndiye atakayempa jina."

Haikuwa zawadi ndogo. Katika nchi ile, aliyekupa jina unamvunia shamba lako la kwanza, na akifa unamlilia kama baba.

Wakatoka watu watatu. Wa kwanza alikuwa Mbaruku, mjumbe, mwenye maneno laini kama samli. Wa pili alikuwa Bi Tunu, mwanamke mwenye mabega mapana, mwenye punda. Wengine husema punda walikuwa watatu. Si kweli. Alikuwa mmoja, na jina lake Sitaki. Wa tatu alikuwa Chambuso.

"Wewe unaleta nini?" Bi Sikudhani akamuuliza.

"Mimi ni mtani wa Kitope," akasema Chambuso. "Na ni mtani wa Kisaga pia. Babu zangu walipigana na wote wawili, wakapatana na wote wawili. Naleta mdomo."

"Huo nimeusikia tangu asubuhi," akasema Bi Sikudhani. "Haya, twende."

Mbaruku akatangulia. Akapanda Kitope kuomba njia. Lakini desturi ilikuwa hii: mjumbe hasemi na tumbo tupu. Wakampa ugali na kuku, akala, ndipo akasema. Mkuu wa Kitope akajibu, "Wapite asubuhi. Jioni jua linatupiga machoni, hatutamwona anayepita."

Mbaruku akashuka, akapanda Kisaga. Wakampa ugali na maharage, akala, ndipo akasema. Mkuu wa Kisaga akajibu, "Wapite jioni. Asubuhi jua linatupiga machoni."

Akashuka, akapanda Kitope. Akala, akasema. Akashuka, akapanda Kisaga. Akala, akasema. Bi Sikudhani alikuwa amekaa njiani juu ya gunia, akimwona kila akipita amenenepa zaidi.

"Mbaruku, mwanangu, wenye njaa ni Bondeni."

"Mama, usinilaumu," akasema Mbaruku, akishika tumbo. "Kila tonge nililomeza ni neno moja la kukuombea wewe."

Mwishowe alipata wazo akiwa amelala chali, hawezi kupanda tena. "Jua likiwa utosini halimpigi mtu machoni!" Akapanda huku na huku mara ya mwisho, wakuu wote wawili wakakubali. Njia itafunguka jua likiwa utosini. Kivuli cha mtu kikichungulia nje ya nyayo zake, njia imefungwa, na aliyemo ndani shauri yake.

Kila kilima kikaleta mkaguzi. Mkaguzi wa Kitope akazamisha mkono katika gunia moja mpaka kwenye kiwiko akitafuta vyembe vya mishale, akaulamba. "Ni ulezi." Mkaguzi wa Kisaga akazamisha wake, akaulamba. "Ni ulezi." Wa Kitope hakuamini kilichothibitishwa na wa Kisaga, akazamisha tena. Wa Kisaga naye vivyo hivyo.

"Wanangu," akasema Bi Sikudhani, "mnakagua au mnakula?"

Wakaona haya. Wakayafunga magunia juu ya mgongo wa punda, kila mmoja akakaza fundo lake chini ya tumbo la Sitaki, na wakaapa: fundo lolote likifunguliwa kabla ya Bondeni, makubaliano yamekufa.

Jua likafika utosini. Wakaingia bondeni. Kimya. Mbaruku mbele, Bi Tunu na Sitaki katikati, Bi Sikudhani nyuma, na Chambuso pembeni akiwalalamikia nzi. Kwa mbali Bi Sikudhani aliona paa la nyumba ya binti yake, na mlango uliofungwa, na moshi hakuna.

Hapo Sitaki akaketi.

"Inuka, baba," akasema Bi Tunu. Sitaki akatazama pembeni. Bi Tunu akamvuta, hakuinuka. Mbaruku akamsukuma, hakuinuka. Bi Sikudhani akamwimbia, akafumba macho.

"Mshusheni mizigo!" akalia Bi Sikudhani.

"Mafundo, mama!" akasema Mbaruku. "Tukifungua, wanatupiga."

Bi Sikudhani akatazama chini. Kivuli chake kilikuwa kimeanza kuchungulia chini ya miguu, kama kichwa cha kobe.

"Bado kidogo, wazee!" Mbaruku akapaza sauti.

"Kivuli kimetoka!" wakaita Kitope.

"Leo tunakubaliana na Kitope!" wakaita Kisaga. "Kimetoka!"

Nyuzi za pinde zikavutwa huku, zikavutwa huku. Ndipo Chambuso, ambaye alikuwa hajafanya lolote, akapanda juu ya kichuguu.

"Enyi Kitope!" akapaza. "Mnalenga nini? Babu yenu aliulenga mlango wa nyumba yake akaukosa, akalala nje mpaka akazeeka! Na nyinyi Kisaga, asali ya nini, nanyi mna jino moja mnaloazimana?"

Sasa jueni desturi. Mtani akikutukana, hukasiriki. Anayemjibu kwa silaha anaaibika yeye na wajukuu wake. Mtani anajibiwa kwa maneno, na silaha inakaa chini, kwa kuwa mkono haushiki upinde na utani kwa pamoja. Pinde zikashuka.

"Chambuso!" wakaita Kitope. "Mama yako alipokuona mara ya kwanza aliuliza kama kuna mwingine!"

"Kichwa hicho umekipata wapi?" wakaita Kisaga. "Mwenye shamba la maboga anakitafuta!"

Kitope wakasikia hilo, wakacheka. Kisaga wakasikia Kitope wanacheka, wakazidisha. Chambuso akawajibu wote, akigeuka huku na huku mpaka sauti ikamkauka, na Bi Sikudhani akajua kwamba ikikatika, wamekwisha.

Bi Tunu akaisikia ile sauti inavyokufa. Akamtazama Sitaki. Akajifunga kanga kiunoni, akainama, akapenya chini ya tumbo la punda, akamwinua na magunia yake na mafundo yake. Punda hakuwa mkubwa, hilo lisemwe. Lakini alikuwa punda. Bi Tunu akamchukua mabegani, miguu ikining'inia, naye Sitaki akitazama mandhari kama bwana harusi, mpaka mlangoni kwa Mwaliko.

Mafundo yakafunguliwa. Uji ukapikwa. Mwaliko akanywa bakuli, akanywa bakuli, maziwa yakaja, mtoto akanyonya akiguna.

Ndipo Mbaruku akasema, "Jina nampa mimi. Bila njia kufunguliwa, nani angetia mguu bondeni? Nilipanda nikashuka mpaka magoti yakalia. Ataitwa Jua Utosini, ili makubaliano yakumbukwe."

"Wewe ulikwenda kula!" akasema Bi Tunu. "Njia yako ilifungwa sisi tungali ndani. Unga huu ulifika juu ya mgongo wangu. Jina nampa mimi. Ataitwa Sitaki."

"Jina la punda?" akalia Mwaliko.

"Ni jina la babu yangu. Punda alilirithi."

Chambuso akacheka kwa sauti iliyokauka. "Punda wako ndiye aliyetuketisha mbele ya mishale! Ungembeba vipi huku umechomwa kama nungunungu? Nimetukanwa na vilima viwili kwa ajili ya mtoto huyu. Jina nampa mimi. Ataitwa Kichwa Boga."

Bi Sikudhani akamfunika mjukuu wake masikio.

Angetamani kuwafukuza wote watatu. Lakini aliahidi mbele ya watu, na asiyetimiza ahadi hapewi njia tena. Na alipoinua gunia la pili aliona wakaguzi walivyolipunguza. Unga ungekwisha kabla vita havijakwisha. Ingebidi apite tena, na bila mjumbe, bila mbeba mzigo, bila mtani, hapiti.

"Ukimpa mwingine," akasema Mbaruku, "safari ijayo nitakuwa na homa."

"Mimi mgongo utaniuma," akasema Bi Tunu.

"Mimi sauti imekauka tayari," akasema Chambuso.

Sitaki alikuwa ameketi mlangoni.

Mpaka hapo mtoto alikuwa anaitwa "Wewe". Bi Sikudhani akampakata, akawatazama wote watatu, na kinywa chake hakijafunguka. Nyinyi mlioketi hapa, mshaurini. Wala mtu asiseme "wote watatu", maana aliahidi mmoja, na mtoto ana kichwa kimoja, boga au si boga. Je, nani alistahili kumpa jina?