Mtamba wa Mama Haway na Kontrola Mbili

Bisha. Nakupa ruhusa ubishe tangu sasa, maana wenye vyeti huwa wananikatisha nikifika katikati. Mimi shule niliishia darasa la sita, lakini mashine ya kuchonga inayojiendesha yenyewe nimeiunda kwa mikono hii, hapa Karatu, kwa vyuma vya vitanda na reli za milango ya vioo. Ukisema naongopa, njoo uiguse. Ukishaigusa kanawe, ina grisi.

Haya. Hapo zamani, yaani wiki tatu zilizopita, ila kwa nilivyokonda nahesabu ni zamani, mashine ile ilikuwa na wenyewe watatu. Mimi, Boay. Baha, mchoraji wetu wa kwenye kompyuta, mpole mpaka umgusie kompyuta yake. Na Paskalina, fundi simu, ambaye akikutazama tu unahisi una kosa. Tulichonga mbao kwa kujifurahisha: vibao vya majina, saa za ukutani. Siku moja akaingia Mama Haway kutoka Mang'ola, ameshika kitu ndani ya kanga.

Ilikuwa feni ya pampu yake, lile gurudumu dogo lenye mapanga linalosukuma maji. Limevunjika vipande vitatu. Pampu kuukuu, Arusha nzima hakuna kipuri chake. Na vitunguu vyake eka mbili vilikuwa na siku nne havijaona maji.

"Mama, sisi tunachonga mbao," Baha akamwambia.

"Mashine inachonga hata jiwe," nikasema mimi.

Paskalina akanitazama. Unajua tena.

Kesho yake mama akarudi na sufuria zake nne, nyumbani kabakiza ya ugali. Tukaziyeyusha pamoja na pistoni za zamani, tukapata bonge moja. Moja tu. Likiharibika, hakuna sufuria nyingine. Akaketi juu ya kreti la soda, akasema:

"Nina mtamba mwekundu. Nampa yule ambaye bila yeye feni isingepatikana. Mmoja, wanangu. Ng'ombe mzima simkati."

Na maji bado hayajafika kwenye vitunguu.

Sasa, mashine kama ile ina mota tatu na haina akili. Akili ni kontrola, kitu kinachoziamuru mota: nenda kulia, shuka, rudi. Tulikuwa nazo mbili, na ilibidi tuchague moja.

Baha akasema, "Kadi yangu hii iliyounganishwa na kompyuta. Imechonga mbao mara ishirini, haijakosea hata mara moja."

"Mbao ni laini," Paskalina akasema. "Kwenye chuma mota zitavuta umeme mwingi na kadi itachemka. Tutumie kisanduku changu. Hakitaki kompyuta, na umeme ukikatika kinaweza kuanzia mstari wowote wa maagizo."

"Kimeandikwa Kichina, dada. Utasomewa na nani?"

"Nimebonyeza kila kitufe, nikaandika kwenye daftari kinafanya nini. Kurasa kumi na moja."

"Kimewahi kuzungusha mota?"

Paskalina akafunga daftari. Hakijawahi.

Wakanigeukia mimi. Mama naye akanigeukia, mikono ameifumbata magotini. Nikasema kadi ya Baha, kwa sababu ilikuwa imeshafungwa na mimi nilitaka kukaa chini.

Kabla hatujaanza nikachukua msumari, nikakwaruza alama ya msalaba kwenye kona ya bonge, pale mashine inapoanzia kuhesabu. Sifuri yake. Baha akacheka. "Boay anachora kama mtoto wa chekechea." Nikamwacha acheke.

Saa mbili asubuhi tukawasha. Kisu kikazunguka, unga wa chuma ukaruka. Saa tatu, sawa. Saa nne, sawa. Mama akauliza, "Bado?" Tukamwambia bado. Saa tano, sawa. Mama akauliza, "Bado?" Saa sita mashine ikazima. Kimya. Taa zimezima, feni ya ukutani imezima.

Na maji bado hayajafika kwenye vitunguu.

Umeme uliporudi, mashine haikujua iko wapi. Kompyuta ya Baha, ambayo ina betri, ilikuwa bado inaonyesha kisu kiko milimita arobaini kutoka sifuri. Nikapima kwa kalipa, kile kipimo cha milimita, kutoka kwenye msalaba wangu. Arobaini na mbili. Nikapima tena. Arobaini na mbili. Paskalina akaigusa kadi, akaondoa kidole haraka.

"Imechemka. Imekuwa ikiruka hatua, kisu kinahama na kompyuta haijui," akasema. "Mapanga bado yana nyama ya ziada, ndiyo maana feni haijaharibika. Mizunguko miwili zaidi, ingekata kitovu."

Baha akakaa sakafuni.

Paskalina akakifunga kisanduku chake kwenye mashine, daftari mapajani. Nikakionyesha sifuri kwenye msalaba. Akaandika mstari wa kuanzia, akabonyeza, akafumba macho. Saa kumi na moja feni ikatoka, mapanga matano. Asubuhi yake maji yakafika kwenye vitunguu.

Basi madai yakaanza.

Baha akasema, "Mchoro ni wangu, na nusu ya kwanza imechongwa na kadi yangu. Bila nusu ya kwanza, Paskalina angemalizia nini?"

Paskalina akasema, "Kadi yako ilikuwa njiani kuua kazi. Nilisema tangu mwanzo, hamkunisikiliza. Aliyemaliza ni mimi."

Nami nikasema, "Ungeanzia wapi, dada? Bila msalaba wangu, kisanduku chako kingechonga hewa."

Mama Haway akatusikiliza wote, akatupa wiki tatu, akasema atarudi Jumamosi tumwambie tumeamuaje. Jumamosi ni kesho. Wewe unayebisha, amua: mtamba ni wa nani?

Ngoja, usijibu. Kuna kipande nimekiruka.

Siku ile umeme haukukatika Karatu. Ulikatika kwetu tu. Nilikuwa chumba cha nyuma, nimechomeka pasi, nanyoosha shati la kumpokelea mtamba. Swichi kubwa ikaruka. Nikachomoa pasi, nikaisukumia uvunguni ikiwa ya moto, nikatoka nikiwalaumu watu wa umeme kuliko mtu yeyote. Kisha nikajidai nakagua waya, nikairudisha swichi.

Kwa hiyo aliyeizima kazi ya mama katikati ni mimi. Na kama nisingeizima, kadi ya Baha ingeendelea na mizunguko yake miwili, na sufuria nne zingeishia pale. Sikujua lolote. Nilikuwa nanyoosha kola.

Hilo hawalijui, si Baha, si Paskalina, si mama. Sasa niambie wewe, na usinionee huruma: mtamba aende kwa nani?